Daktari ambaye hakuja kukutibu

Kwetu Dodoma, ukimwambia mtu "wewe wa kupelekwa Mirembe" umemtukana. Nilikulia si mbali na hospitali ile ya magonjwa ya akili, na jina la Isanga nalo nililijua mapema: huko ndiko mahakama zinapowapeleka watuhumiwa wa kesi nzito ili wachunguzwe akili. Leo naishi Baltimore, Marekani, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili. Mara kadhaa kwa mwaka naitwa kukaa kati ya daktari wa magonjwa ya akili na mtu anayesubiri kesi.

Sitasimulia kesi ya mtu yeyote. Nimekula kiapo, na mambo ninayoyaandika hapa nimeyachanganya makusudi ili asitambulike mtu. Ninachotaka kusimulia ni sentensi ya kwanza ya mahojiano yale, kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho kuliko maneno yote ya kitabibu.

Kabla ya swali lolote, daktari humwambia aliye mbele yake: mimi ni daktari, lakini si daktari wako. Sikuja kukutibu. Utakayoniambia si siri, nitayaandika na hakimu anaweza kuyasoma. Unaweza kukataa kujibu.

Jaribu kumwambia hivyo mzee wa kutoka Kigoma au Bukavu. Kwetu daktari ni daktari. Ukimwona, unamweleza kinachokuuma. Siku ya kwanza nilitafsiri neno kwa neno, yule mzee akaitikia kwa kichwa, kisha akanigeukia mimi: "Mama, mwambie basi aniandikie dawa ya usingizi." Hakuwa ameelewa hata chembe, na kosa lilikuwa la Kiswahili changu.

Nilipoanza kuuliza sentensi ile imetoka wapi, nikakuta imepita hapa hapa mjini. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa akili uliofanyika Boston, daktari mmoja wa Baltimore, Jonas Rappeport, aliwakusanya walimu wachache waliokuwa wakifundisha taaluma hii ya akili na sheria. Mwaka uliofuata, 1969, chama kikazaliwa: American Academy of Psychiatry and the Law, yaani chama cha Marekani cha madaktari wa akili wanaofanya kazi na mahakama. Rappeport akawa rais wake wa kwanza. Yeye mwenyewe aliongoza kitengo cha tiba cha mahakama ya jiji la Baltimore, na ni mmoja wa waliompima Arthur Bremer, kijana aliyempiga risasi Gavana George Wallace wa Alabama pale Laurel, Maryland, mwaka 1972. Huyu hakuwa msomi wa kukaa maktaba. Alijua kizimba kilivyo.

Wakati ule mafunzo ya fani hii yalikuwa machache mno. Daktari angeweza kuwa hodari wodini, kisha akaitwa mahakamani akajikuta mawakili wa pande mbili wanamvuta kama kamba. Nani amfundishe kusema "hapa sijui"? Kwangu mimi chama kilikuwa na maana hapo kwanza, kuwakutanisha watu waliokuwa wakifanya kazi ngumu kila mtu peke yake. Jarida lilikuja, mitihani ya ubingwa ikaja, na mwaka 1987 ukaja mwongozo wa maadili unaodai ukweli, juhudi ya kutoegemea upande, na kumweleza mtu mapema mipaka ya siri.

Kukosekana kwa hili la mwisho kulikuwa kumekaribia kumgharimu mtu uhai wake. Huko Texas, Ernest Smith alipimwa gerezani na Dk. James Grigson kwa amri ya jaji, ili ijulikane tu kama ana akili timamu ya kusimama kizimbani. Hakuambiwa kwamba anaweza kunyamaza. Baadaye daktari yule yule alisimama mbele ya jopo la raia walioamua adhabu, akatumia mazungumzo yale kusema Smith ataendelea kuwa hatari, na Smith akahukumiwa kifo. Mahakama za chini za shirikisho ziliitengua hukumu hiyo ya kifo, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana nazo. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria mzee wangu na dawa yake ya usingizi, nikashindwa kumaliza chai.

Sasa siku hizi huomba dakika mbili na daktari kabla hatujaingia. Nikimweleza kwamba "siri" peke yake haitatosha, wengi hukubali kuivunja sentensi vipande vifupi. "Mimi ni daktari. Leo nimetumwa na mahakama. Dawa sitakupa. Ukiniambia jambo, hakimu atalisikia." Baada ya kila kipande, daktari anamwomba mtu arudie kwa maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo unapojua kama imeingia.

Mwezi uliopita kaka mmoja alirudia vyote vinne bila kukosea. Kisha akauliza, "Sasa, dada, kama huyu si daktari wangu, wangu yuko wapi?"

Nilitafsiri kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Daktari aliweka kalamu mezani. Alisema atamwarifu wakili wa kaka yule kwamba mteja wake anaomba matibabu, kisha akamuuliza kaka kama yuko tayari kuendelea au tusubiri. Kaka alifikiri kwa muda mrefu. Akasema tusubiri, nasi tukainuka.