Sanduku la kinasa sauti: vali imetulia, maji hayaingii tena

Sanduku ni kavu! Mvua ilipiga usiku kucha, na karatasi niliyoitandika ndani, yenye mistari ya wino unaoyeyuka majini, haina hata nukta ya wino iliyotawanyika. Kwa mnaofuatilia mradi huu wa sanduku la kinasa sauti la kukaa nje, lililokuwa likiingia maji: mchawi hakuwa mpira wa kifuniko. Ni vali yenyewe, ile iliyowekwa kusawazisha presha ili kuliokoa sanduku.

Vali yangu ni ya utando, ile inayopitisha hewa na kuzuia maji. Utando wenyewe ni PTFE (plastiki ya Teflon) iliyotanuliwa, kitu alichokigundua Bob Gore mwaka 1969 baada ya kuvuta kipande kilichopashwa moto kwa mkupuo mmoja badala ya polepole. Matundu yake ni madogo mno, na plastiki hiyo haipendi kulowa, kwa hiyo tone la maji linabaki nje huku hewa ikipita. Mvuke nao unapita, ndiyo maana vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu bado vinahitajika hata vali ikiwa nzima.

Sasa tatizo. Jua likiliwakia sanduku, hewa ya ndani inafika nyuzi 50, inatanuka, ziada inatoka, presha inalingana. Hapo hakuna ugomvi. Kisha mvua ya ghafla inashuka na ndani panapoa mpaka nyuzi 20. Hewa inasinyaa, sanduku linataka kuvuta pumzi, lakini vali ilitoka kiwandani ikiwa juu ya kifuniko, ndani ya kishimo, na kishimo kimeshajaa maji. Utando uliofunikwa na maji haupitishi hewa. Umezibwa.

Kutoka kelvini 323 (nyuzi 50) hadi 293 (nyuzi 20), presha inashuka kwa asilimia 9 na kidogo, yaani hektopaskali kama 94. Sentimita moja ya maji ni karibu hektopaskali moja. Kwa hiyo kidimbwi cha milimita chache juu ya vali, pamoja na baridi ya mvua, kinalitesa sanduku kana kwamba limezamishwa karibu mita nzima. Kipimo cha IP67, kiwango cha kuzuia maji, ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Mvua ya usiku haihesabu dakika.

Ndiyo maana asubuhi kifuniko kilikuwa kinagoma kufunguka. Kina sentimita 30 kwa 20, na presha hiyo inakikandamiza kwa newtoni zaidi ya 500, kama mtu mzima amekikalia. Hapo ndipo nilipoacha kuushuku mpira wa kifuniko, maana ombwe linazidi kuubana. Mpira ulikuwa unasaidiwa, sasa maji yanapita wapi?

Jibu lilitoka kwenye karatasi laini na kalamu ya wino unaoyeyuka majini. Nilichora mistari myembamba kwenye vipande vya karatasi, nikavizungushia nati ya vali upande wa ndani, bawaba, na kona zote. Nikaziba utando kwa utepe, nikavuta hewa kwa bomba la sindano, nikamwagia maji juu. Kona kavu, bawaba kavu. Kwenye nati, wino wa upande mmoja ulikuwa umevuja kama mkia, ukielekea kwenye uzi wa skrubu. Nilipoitoa vali na kuangalia kwa lenzi, plastiki chini ya oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ilikuwa na vile vinundu vidogo vya mapambo, na kijistari cheusi cha uchafu kilikatiza alama ya oringi kutoka ukingo wa nje mpaka wa ndani. Njia ya maji, imechorwa kabisa! Nani anaweka oringi juu ya uso wenye vinundu?

Tiba ni msasa: namba 400, halafu 800, halafu 1500, kwa maji, na kwa kuzungusha tu. Mkwaruzo unaofuata duara la oringi hauna madhara makubwa, ila unaotoka katikati kwenda nje ni mfereji. Grisi ya silikoni kidogo kwenye oringi, mbali na utando.

Hapohapo: povu la sabuni kwenye utando ni sumu. Sabuni inaufanya ulowe, na mabaki yake yanaendelea kuharibu hata yakikauka. Ukipima uvujaji kwa povu, funika utando kwanza.

Kuhusu vipimo, geji za bei ya juu sizitamani tena. Mrija mwangavu uliokunjwa umbo la U, wenye maji yaliyotiwa rangi, unaonyesha uvujaji ambao mshale wa geji hauutambui. Kwa kumbukumbu za usiku kucha natumia vihisi viwili vya presha, aina ya BMP280, kimoja ndani na kimoja nje, baada ya kuvisawazisha kifuniko kikiwa wazi. Zamani mistari yao ya presha kwenye grafu iliachana mvua ikianza, ikakutana tena alfajiri. Jana iliandamana usiku mzima.

Iliandamana kwa sababu nimeihamisha vali ubavuni, chini ya ukingo, ikitazama ardhi. Maji hayana pa kutuama. Tundu la zamani nimeliziba kwa bolti na oringi, juu ya uso ule ule niliousugua.

Kuna walionishauri vali ya kufungua kwa mkono. Kwenye ndege naikubali: ukifungua sanduku hewani kisha ukalifunga, likishuka linabanwa kama limegundishwa, na kuzungusha kifundo kunamaliza kazi. Lakini sanduku la kukaa nje peke yake, nani atakizungusha saa nane za usiku?

Mpango ulikuwa kupaka rangi na kufunga mkanda wiki hii. Vimeahirishwa, nina wazo jingine. Hewa inapita kwenye utando kwa kadiri ya tofauti ya presha, kwa hiyo nikisukuma hewa kidogo ndani kwa bomba la sindano, muda wa tofauti hiyo kupungua nusu unanipa afya ya utando. Ukirefuka mwezi hadi mwezi, vumbi au mafuta yameanza kuuziba. Kihisi tayari kiko ndani, kilichobaki ni kutoboa tundu la kudumu la sindano, na kusugua uso mwingine kwa msasa.