Jeupe la kwatzi na jeupe la kalsaiti: navyoyatenganisha huku machimboni

Mliopo Chunya, huku kwenye machimbo ya dhahabu, mnajua, mtu akikuta mkanda mweupe kwenye mwamba anaanza kupiga hesabu za kununua bodaboda hata nyundo hajagonga. Na wataalamu wa kijiweni hawaishi. Mmoja aliniambia kwatzi, lile jeupe linaloweza kubeba dhahabu, ni ile inayong'aa, mwingine eti limulike tochi usiku, mzee mmoja akanambia "dogo, lilambe". Nimelamba. Yote yana ladha ya vumbi.

Jamani ni ugumu tu. Kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini, kinaipa kwatzi 7, kalsaiti, jeupe linalofanana nayo, 3, na msumari uko hapo katikati. Ila watu wanapoliwa ni hapa: ukiburuza msumari kwenye kwatzi unabaki mstari wa kijivu, mtu anapiga kelele "limechanika hilo, tupa!" Tulia mwanangu. Tema mate, sugua na dole gumba. Ukifutika ujue ni chuma cha msumari ndo kimeliwa na jiwe. Ukibaki mfereji kabisa, kucha inazama na unga mweupe pembeni, hiyo kalsaiti. Chupa ya soda nayo hivyohivyo, kwatzi inachana glasi, lakini futa kwanza maana kalsaiti inaacha chaki juu ya glasi na inadanganya vibaya.

Sasa siki. Bosi wetu alisikia kwamba kalsaiti ikikutana na asidi inatoa povu, akanunua chupa ya siki buku na ushee, akalimwagia jiwe zima, tukalizunguka tunalikodolea macho kama tunasubiri wali uive. Kimya. Akatangaza kwatzi hiyo, akaita gari la kupeleka mzigo karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Nikamwambia bosi ngoja, nipe kipande. Nikakitwanga mpaka unga kabisa, nikauweka kwenye kifuniko cha chupa, nikadondoshea siki, nikasogeza sikio. Tsss! Vipovu vidogovidogo vinapanda vyenyewe. Siki ni asidi dhaifu, jiwe zima hailiwezi vizuri, ila ukilisaga inapata pa kushika. Ndimu nayo inafanya. Gari likarudi tupu, dereva akadai hela ya mafuta na bosi akalipa huku amenuna.

Na wale wa maji ya betri acheni, yanaunguza mikono halafu yanalivika jiwe utando povu linakata, unabaki hujui kitu.

Likivunjika pia angalia, kalsaiti inatoka na pande bapa zilizolala upande, kwatzi inapasuka hovyohovyo kama inavyotaka na kingo zake zinakata vidole. Wala usifurahi sana ukishajua ni kwatzi, mikanda kibao haina hata chembe ya dhahabu.

Kasheshe ni feldispa, madini mengine yanayoweza kuwa meupe. Ina 6, msumari haiuogopi na glasi inachana vizuri tu, siki haina habari nayo. Hiyo igeuzegeuze juani, ukiona uso mzima bapa umewaka kwa pamoja halafu ukazima, siyo kwatzi.