Peter wa toleo la 38

"Mjomba, hawa kweli ni mtu mmoja?" Mtoto wa dada yangu alikuwa ameweka kidole juu ya uso wa Peter Parker, na kingine juu ya uso wa Peter Parker mwingine. Nikacheka, maana swali hilohilo ndilo lililonikesha usiku mzima na yule rafiki yangu mbishi.

Usiku ule mimi na rafiki yangu tulikuwa na kitabu kinene kilichokusanya matoleo ya zamani ya katuni za Spider-Man, ambaye nyuma ya kinyago ni Peter Parker, kimechapwa bila rangi. Hilo lilitufaa. Rangi hufunika mengi. Ukiiondoa, unabaki na penseli na wino, na mkono wa mchoraji hauna pa kujificha.

Toleo la 38, la 1966, ndilo la mwisho la mchoraji Steve Ditko. La 39 ni la John Romita, aliyekuwa amechora katuni za mapenzi kwa miaka. Rafiki yangu akatandika karatasi nyembamba juu ya uso wa Peter wa Ditko, akaufuatisha kwa penseli: mashavu yamebonyea, shingo kama ya kuku, nyusi zimepanda katikati kama za mtu anayedaiwa. Kisha akaihamishia karatasi ile juu ya kichwa cha Romita kilichokaribiana nacho kwa ukubwa. Macho yalikaa mahali pake, lakini kuanzia hapo kila kitu kiligoma. Taya lilitokeza nje ya mstari wetu, shingo ikatokeza pande zote mbili, na nywele za mbele zilikuwa na wimbi ambalo Ditko asingempa Peter hata siku ya harusi. Tukabaki tumeikodolea macho karatasi ile, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba ameisogeza.

Cha ajabu ni kwamba Romita alikuwa anajitahidi kumwiga Ditko. Alidhani Ditko angerudi, kwa hiyo mwanzoni alibana mstari wake na kujaribu kushika mpangilio wa mwenzake, ule wa kurasa zenye fremu nyingi ndogo. Mkono ulimsaliti. Mtu aliyezoea kuchora wapenzi humpamba kila anayemchora, hata akikusudia kumkondesha.

Na si sura tu iliyobadilika. Katika Marvel ya wakati ule, kampuni iliyotoa Spider-Man, mchoraji alipewa muhtasari, akaamua mwenyewe nini kitokee ukurasa kwa ukurasa. Mwandishi Stan Lee alijaza maneno baadaye. Matoleo ya mwisho ya Ditko yanamtaja waziwazi kuwa ndiye aliyepanga hadithi. Kwa hiyo ukibadilisha mchoraji, umebadilisha pia nusu ya mtunzi. Mfano ni Mary Jane, msichana atakayekuja kuwa mpenzi wa Peter. Katika toleo la 25 Ditko alimficha uso nyuma ya maua, na kuonekana kwake kukawa mzaha wa kuahirishwa. Romita akamfungulia mlango mwisho wa toleo la 42, na kuanzia hapo Peter akawa kijana mwenye marafiki na wasichana wawili wa kumchanganya. Mauzo yakapanda. Upweke ule wa mwanzo haukurudi sawasawa.

Rafiki yangu aliita huo usaliti. Mimi nilimwelekeza kwa mtia wino, yule anayepita juu ya penseli ya mchoraji kwa wino, mtu ambaye wasomaji wengi humruka. Kwenye Fantastic Four, katuni nyingine ya Marvel, mchoraji Jack Kirby aliondoka 1970, lakini Joe Sinnott, aliyetia wino tangu toleo la 44, aliendelea chini ya wachoraji kadhaa. Ndiyo maana mshtuko haukuwa mkubwa. Tukaja kujaribu karatasi yetu kwenye toleo la 121 la Spider-Man, la 1973: penseli ya Gil Kane, wino wa Romita. Nyuso zilikaribia kulingana na zile za Romita mwenyewe. Miili ndiyo iliyokataa, kwa sababu Kane alipenda kumchora mtu kama anayetazamwa kutoka chini, tundu za pua zikikutazama, na kiungo kilichopinda namna ile hakinyooshwi kwa brashi.

Ya Todd McFarlane, mchoraji mwingine wa Spider-Man, aliyeingia toleo la 298 mwaka 1988 na macho makubwa na utando uliosokotana kama tambi, hatukuyagusa, kulikuwa kumeshakucha.

Rafiki yangu anashikilia mpaka leo kwamba Peter aliishia toleo la 38. Mimi humuuliza mbona basi la 39 na yote yaliyofuata aliyanunua.