Mashine ya macho ikifa utajua, ikidanganya je?

Simu nyingi ninazopigiwa na watu wa kliniki za macho zinaanza na neno moja tu, imekufa. Fundi sliti lampu (ile darubini yenye taa ya kuchungulia jicho) imekufa, fundi ile ya kupimia miwani imekufa, njoo haraka wagonjwa wamejaa benchi. Naenda, na mara nyingi nikifika nakuta haijafa, ni balbu imeungua au soketi ya ukutani haishiki, kuna siku nimepanda basi kutoka Tanga mjini asubuhi yote kufika wilayani nakuta waya umechomoka nyuma ya meza wakati wa kudeki. Sikukasirika, waliogopa kugusa, na mimi nawaelewa.

Maana kuna waliogusa. Sehemu moja fyuzi ilikuwa inakatika mara kwa mara, mtu akachoka akaviringisha kipande cha waya wa shaba pale pa fyuzi, mashine ikawaka miezi kadhaa safi kabisa mpaka siku umeme umekatika halafu ukarudi na nguvu, transfoma ikaungua chumba kizima kikanuka plastiki. Fyuzi haifiki bei ya soda jamani! Ikikatika mara ya pili na ya tatu inakwambia kuna kitu, tafuta hicho kitu. Na zile balbu za haloji usishike kioo chake kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono yanabaki pale, joto likipanda balbu inakufa kabla ya siku zake. Shika kwa tishu.

Ila leo sitaki kuandika sana za zilizokufa. Ikifa mgonjwa ataambiwa rudi kesho, atanung'unika, atarudi. Inayoninyima usingizi ni ile inayowaka vizuri halafu inasema uongo.

Huku kwetu pwani uongo wa kwanza unaletwa na fangasi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, masika ndo usiseme, na fangasi anapenda giza na hewa iliyotulia, kwa hiyo anaingia ndani ya lenzi za sliti lampu anajitandaza. Ukimulika tochi kwa pembeni unamwona, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimeanzia pembeni ya lenzi zinakwenda katikati. Sasa daktari anaangalia jicho la mgonjwa anaona ukungu, huo ukungu ni wa jicho au wa mashine? Kipimo chake ni rahisi, zungusha kile kipande unachowekea jicho lako, doa likizunguka nalo basi ni la mashine, mwambie mgonjwa aangalie juu na chini, doa likihama na jicho lake basi ni la kwake. Dakika haiishi.

Fangasi akikaa muda mrefu anakula ile rangi ya juu ya lenzi, hapo hata ukisafisha alama inabaki, kwa hiyo kinga ndo kila kitu. Vile vipakti vya silika jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni kwenye kasha la lenzi, vikishiba unyevu mnavikausha vinarudi kazini. Na kitu kingine, watu wakimaliza kliniki wanavika mashine mfuko wa nailoni hapo hapo balbu ikiwa bado ya moto, joto na unyevu vinafungiwa ndani. Iacheni ipoe kwanza. Mimi nilimpelekea mama mmoja mshonaji vipimo akatushonea vifuniko vya kitambaa cha pamba, vumbi haliingii na mashine inapumua. Kusafisha lenzi ni pampu ya mpira kwanza kupuliza vumbi ndo ufute, ukianza kufuta na vumbi lipo unasugua mchanga kwenye kioo, na gozi ya kufungia vidonda sio kitambaa cha lenzi.

Uongo wa pili ndo ulionifanya nikae niandike.

Tonometa ya Goldmann, ile ya kupimia presha ya macho inayokaa juu ya sliti lampu, inafanya kazi kwa mizani. Kichwa chake kinabonyeza kioo cha jicho mpaka kiwe bapa kwa duara lenye upana wa milimita 3.06, na kwenye upana huo gramu moja ya nguvu ni sawa na presha 10. Kwa hiyo ikisoma 20 ina maana imebonyeza kwa gramu mbili. Ndani ya kasha lake kuna kipande cha chuma chenye mistari mitano, wengi wanadhani ni spea ya kitu fulani, kumbe ndo shahidi wake. Unakichomeka ubavuni, unakiweka mstari wa katikati unapima sifuri, mstari unaofuata unapima 20, wa mwisho 60, unazungusha kitufe taratibu na kutazama ule mkono mdogo ulioshika prizimu, yaani hicho kichwa kinachobonyeza jicho. Kitufe kikifika namba inayotakiwa mkono unalegea, unaangukia upande wa pili kwa utulivu, nawe unasimamisha pumzi ukiutazama.

Kwenye kliniki moja ninayohudumia nilikuta hicho chuma bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Nikachomeka, sifuri ikawa sawa, nikapeleka mstari wa 20. Mkono ukaanguka kitufe kikiwa kwenye 14. Nikarudia mara nne nikidhani nimekosea. Yaani jicho lenye 20 lilikuwa linaandikwa 14, na mwenye presha ya hatari alikuwa anaambiwa yuko salama aendelee na dawa zake zile zile. Glakoma, ule ugonjwa wa macho unaoenda na presha hiyo, mara nyingi haiumi, mtu hasikii chochote, kinachoondoka kwenye kuona hakirudi.

Sista akakumbuka ilianguka walipotoka kupima vijijini. Ilikuwa inawaka, kwa hiyo walirudisha mezani.

Sikuifungua, ile ya ndani inataka aliyefunzwa na vifaa vyake, niliivua nikaiweka kwenye kasha lake na karatasi, ISITUMIKE. Tukaazima nyingine. Halafu Sista akatoa rejista tukaanza kutafuta kila aliyepimwa tangu ile safari, yeye anasoma namba mimi napiga. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kuna nini tena?" Tunamweleza, aje apimwe upya, hatutamtoza. Wengi walikuja ndani ya wiki mbili na wachache dawa zao zilibadilishwa. Wawili namba zao hazipatikani mpaka leo, mmoja rejista imeandika kijiji tu, nikipita njia ile nashuka stendi naulizia.