Ile simu ya bibi

Jamani leo usiku tumeangalia Make Way for Tomorrow, muvi ya Hollywood ya 1937 ya Leo McCarey, na mpaka saa hizi sebuleni bado wanabishana.

Wazee wawili benki imechukua nyumba yao, watoto watano hakuna wa kuwachukua wote wawili, basi wanatenganishwa.

Dada kakasirika, anasema wale watoto hawana utu. Shemeji anakataa, eti yule bibi naye alikuwa anawaharibia wageni karata zao.

Mimi nimebaki kwenye ile simu tu. Bibi anaongea na mumewe kwa sauti kubwa, wageni wanakunja sura, halafu taratibu wote wananyamaza, wanainamisha macho...

Nimelia kweli.

Mlioiona, mko upande gani?