Nilivyopanga orodha ya wasafirishaji wa mizigo ya duka langu la mtandaoni

Nauza vyombo vya jikoni kupitia Instagram na WhatsApp. Stoo iko Kariakoo, wateja wengi wako mikoani, na swali lao la kwanza baada ya bei ni moja: "Dada, mzigo utanifikiaje?" Kulijibu bila kupiga simu huku na kule, niliacha kupanga wasafirishaji kwa majina ya kampuni. Nikaanza na mahali mteja anapochukulia mzigo, jina la kampuni likaja mwisho.

Miji nimeipanga kwa njia. Basi la Dar kwenda Songea linapita Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe, kwa hiyo kampuni moja inaweza kunifikishia mizigo miji yote hiyo. Inaweza, lakini basi kupita mjini si sawa na kuwa na wakala pale. Pasipo na wakala, kifurushi anabaki nacho kondakta, na mteja anakesha kando ya barabara akilisubiri basi. Mteja wangu simfanyii hivyo. Ndiyo maana kila mji una safu ya ofisi ilipo, saa za kufungua na kufunga, na namba ya anayepokea mizigo kule, siyo ya huku Dar tu.

Safu ninayoithamini kuliko zote ni ya vitu vya kuvunjika. Kuna ofisi iliyonirudishia katoni ya glasi ikilia chwarachwara, ikakataa kulipa hata senti. Sasa nauliza kabla: mnapokea vyombo vya udongo? Kikivunjika nani analipa? Nauliza pia leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maana kusafirisha vifurushi kunahitaji leseni, na mwenye nayo najua pa kumshtaki.

Zanzibar ni boti, haina maneno mengi.

Nje ya nchi ndiko hesabu inakobadilika. Mteja wa Maskati akitaka mbuzi za nazi na vikapu vya ukili, kampuni kubwa za kusafirisha vifurushi kwa ndege, DHL mojawapo, hazitazami mizani peke yake. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000, na kinachozidi kati ya jibu hilo na uzito halisi ndicho unacholipia. Katoni ya 50 kwa 40 kwa 40 inahesabiwa kilo 16, hata vikapu vikiwa vyepesi kama nini. Kwa hiyo vikapu navipachika kimoja ndani ya kingine, mbuzi zinakunjwa na kulazwa katikati, na vipimo vya katoni nimeviandika humo humo kwenye orodha.

Kila mstari una tarehe niliyohakikisha mara ya mwisho, kwa sababu mawakala hubadilisha namba na kuhama ofisi. Mapema Desemba, kabla watu hawajaanza kwenda makwao kula Krismasi na buti za mabasi kujaa mizigo ya abiria, naipitia orodha yote upya kwa simu, mji kwa mji.