Kusafisha virusi kila wiki au kubadilisha mfumo endeshi?

Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za mtaa mzima, na ugonjwa wake unajulikana: mteja anachomeka flashi, anakuta folda zote zimegeuka shotikati. Data haijapotea. Kirusi kimezificha folda halisi kwa kuzipa alama za faili za mfumo, kikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, inaamsha skripti kupitia wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha skripti), kisha inakufungulia folda yako kama kawaida ili usishtuke.

Wengi huanza kusafisha flashi. Hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu skripti inaendelea kufanya kazi ndani ya kompyuta na flashi inaambukizwa tena kabla hujaichomoa. Toa flashi zote kwanza. Fungua Task Manager usimamishe wscript.exe, halafu kagua mahali programu zinapojiwasha zenyewe: folda ya Startup, vipengele vya Run kwenye rejista, na Task Scheduler. Chochote kinachoita faili ya .vbs au .js usiyoijua, hasa iliyojificha AppData, kiondoe pamoja na faili yenyewe. Kisha endesha Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa antivairasi ya Windows yenyewe: kompyuta itajizima na kujiwasha, ikaguliwe kabla Windows haijaamka, kwa dakika kama 15. Sasa rudisha flashi. Kama imesomeka E:, andika kwenye Command Prompt:

del E:\*.lnk
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kuna kirusi kinachohamishia kila kitu kwenye folda isiyo na jina. Itajitokeza baada ya attrib. Usiifute, mali ya mteja imo humo.

Basi, kompyuta imepona, lakini kesho flashi nyingine inakuja. Kama Windows yenyewe imeachwa bila viraka (masasisho ya kuziba mianya ya usalama), utasafisha hadi uchoke. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, iliposambaa Mei 2017, kiraka cha tundu ililopitia kwenye SMBv1 (njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana faili) kilikuwa kimetoka tangu Machi. Na fundi anayekupigia Windows iliyochakachuliwa mara nyingi huzima masasisho na Defender ili kiwashio chake, yaani programu ya kuhalalisha Windows kwa hila, kisifutwe. Kulipia antivairasi juu ya hali hiyo ni kutupa hela.

Kwa mashine ya kuchapa, kuskani na intaneti, ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. RAM ya GB 2 inatosha kuiendesha, ila GB 4 ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha. Diski iwe na nafasi isiyopungua GB 20. Faili za .vbs na .lnk hazina la kufanya humo, na folda zilizofichwa kwenye flashi zinaonekana wazi. Lakini flashi ya mteja inabaki na kirusi chake hadi ukifute. Usiweke Wine kwenye mashine hii: inaendesha programu za Windows, na baadhi ya virusi nazo.

Kama biashara inategemea QuickBooks Desktop, programu ya hesabu inayotumia Windows, baki na Windows 11 halali. Inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, kwa hiyo laptopu nyingi za kabla ya 2018 haziingii. Kazi za kila siku zifanyike kwenye akaunti ya kawaida, si ya msimamizi.

Kabla ya kufuta Windows, andika Mint kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta), uwashe kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha, na unakili nyaraka zako kwenye diski ya nje. Diski ya Windows ikikataa kuandikwa, chanzo mara nyingi ni Fast Startup, ambayo huzima Windows nusunusu. Rudi Windows, andika shutdown /s /t 0 kwenye Command Prompt ili izime kabisa. Ukiwa bado kwenye Mint ya flashi, jaribu na printa. Canon LBP za zamani zinazotumia CAPT, lugha ya uchapaji ya Canon yenyewe, husumbua sana kwenye Linux, na steshenari isiyochapa haina kazi.